Foleni ya Mbichi

Zamani kitabu kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, na kilinyamaza mpaka wewe mwenyewe ukisemeshe; siku hizi kitabu kinapayuka ndani ya simu, na asiye na sikio la kukisikiliza, shauri yake.

Siku hizo za zamani chuo cha wasioona kilikuwa na chumba cha uchapaji, kule mwisho wa ushoroba, ukishapita stoo ya mifagio. Aliyekitunza walimwita Fundi Nukta. Macho yake yalikuwa mazima. Jina alilipata kwa kazi yake ya kuchapa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi yaliyovimba kwenye karatasi nene ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Mashine ya kuyachapa ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na ikianza kugonga vioo vya madirisha vilitetemeka, na mwalimu wa darasa la jirani aliweka chaki chini akangoja. Wanafunzi waliiita Mama Mkwe. Walisema akishaanza, huna pa kuchomeka neno lako.

Mkewe alimpata kwa karatasi mbovu. Alikuwa msichana asiyeona tangu utotoni, ameajiriwa na chuo kusahihisha machapisho, na fundi alipompelekea ukurasa wake wa kwanza kabisa alipitisha mkono mara moja, akausimamisha.

“Kaka,” akasema, “huu si ukurasa. Huu ni upele. Upeleke hospitali.”

Kumbe fundi alikuwa ameingiza karatasi kinyume. Kesho yake akaleta ukurasa mzuri. Keshokutwa akaleta mwingine mbovu, makusudi, ili asemwe tena. Watu wa siku hizi wanatumiana vikatuni vya mioyo. Huyu alichumbia kwa makosa ya chapa, na ndoa ikadumu. Wanafunzi walimwita mkewe Bi Vidole, na ilijulikana chuo kizima kwamba ukurasa ukipita mikononi mwake ukatoka salama, hata mkaguzi hana la kusema.

Bi Vidole alikuwa amekwisha kustaafu masikio yalipoanza kumtoka. Uziwi ulikuja kidogo kidogo, kama maji yanayopungua kwenye pipa. Kwanza aliacha kusikia birika likichemka. Kisha redio ikawa ya kupandishwa sauti mpaka jirani wakagonga ukuta. Daktari wa masikio alimwita fundi pembeni, akamwambia ni mishipa, na mishipa ya namna ile haina dawa. Itakwenda ikififia mpaka ifungike. Njia nzima ya kurudi nyumbani fundi alitafuta maneno ya kumwambia. Walipofika mlangoni mkewe akamwokoa.

“Si uniambie tu,” alisema. “Sikio la kufa halisikii dawa.” Akacheka mwenyewe, kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana alikuwa ameanza kutojisikia.

Baada ya siku kadhaa ndipo akasema anachotaka. Alitaka kamusi.

Mwenye macho hawezi kuelewa ombi lile ni zito kiasi gani. Kamusi ambayo mwanafunzi anaibeba kwapani, ikigeuzwa nukta nundu inajaza kabati. Chuo kilikuwa nayo zamani, ikalowa paa lilipovuja, ikawa uji. Lakini walimu wa kale, watu waliokuwa wakifanya kazi bila kupigwa picha, walikuwa wameiandika yote kwenye kompyuta, herufi kwa herufi, na ilikuwa bado imo.

“Nikishakuwa kiziwi,” Bi Vidole alimweleza mumewe, “neno litanifikia kwa njia moja tu. Lile ambalo vidole havikuligusa litakuwa limekufa kwangu. Nichapie yote, mzee wangu. Kabla mlango haujafungwa.”

Akaanza. Kila Mama Mkwe alipokosa kazi, fundi alimpa kamusi, na jioni alirudi nyumbani na furushi la karatasi begani kama mtu aliyetoka kununua vigae. Mkewe alisoma akiwa amekaa kitandani, miguu kainyoosha. Walimaliza A. Wakamaliza K, ambayo ni ndefu na ina vyombo vya nyumba nzima. Wakamaliza L.

“Sasa nina kitanda, nina kikombe, nina kuku na kondoo,” alisema Bi Vidole. “Sina mtu wangu hata mmoja. Watu wangu wote wako M. Mama yuko M, mtoto yuko M, wewe mume wangu uko M. Fanya haraka, nakaa peke yangu na kuku.”

Hapo ndipo kompyuta mpya zilipoletwa.

Zilikuja wakati wa likizo, na za zamani zikachukuliwa siku ile ile, hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba. Kamusi ilihamishwa vizuri, haikupotea hata nukta. Lakini fundi alipobonyeza pa kuchapa, kompyuta mpya ilimjibu kwamba haioni printa yoyote. Mama Mkwe huyo hapo, hatua chache tu, amejaa chumba. Nayo inasema haimwoni. Katika chuo cha wasioona, kipofu wa kweli akawa kompyuta.

Walimwita binti aliyeshughulikia kompyuta za shule kadhaa za mji ule. Alikuja anakimbia, kebo zimemning'inia shingoni, na kwa ajili hiyo watu walimwita Dada Kebo. Alimpa fundi shikamoo yake kwa adabu, akauliza mgonjwa yuko wapi, akapiga magoti chini ya meza.

Kati ya kompyuta na Mama Mkwe kulikuwa na kisanduku cha bati kilichofungwa ukutani, chenye taa za kijani. Kazi yake ni kupokea maandishi kutoka kwenye mtandao, kuyapanga foleni, na kuyapeleka kwenye mashine moja baada ya jingine. Fundi alikiita Karani. Mama Mkwe alikuwa na tundu pana la kizamani lenye skrubu mbili, ambalo kompyuta mpya hazina waya wake. Asipopitia kwa Karani, hana njia nyingine ya kupata habari za dunia.

Dada Kebo alikaa nacho muda mrefu, kisha akaeleza tatizo, na alilieleza vizuri, hata fundi akaelewa. Printa za siku hizi hujitangaza zenyewe. Ukiziwasha tu, zinapiga kelele mtandao mzima: mimi hapa, nina rangi, nina wino. Kompyuta mpya imezoea kusubiri kutangaziwa. Karani hakufunzwa hivyo. Yeye ni mtu wa zamani, anakaa kimya mahali pake, na ukimtaka sharti umfuate kwenye anwani yake, umsemeshe kwa lugha yake, na uitaje foleni unayoitaka kwa jina lake hasa. Ukikosea jina hakupokei.

“Anwani nimeipata,” alisema Dada Kebo. “Lugha pia, bado imo humu, wameificha tu ndani kabisa. Sasa nipe jina la foleni, mzee wangu.”

“Mbichi.”

“Nini mbichi?”

“Foleni. Inaitwa mbichi.”

Dada Kebo alicheka mpaka kebo moja ikamtoka shingoni. Fundi akamweleza kwamba aliyekifunga kile kisanduku, miaka mingi iliyopita, alikuwa mtu wa mzaha, sasa ni marehemu, na aliiita hivyo kwa kuwa maandishi yanapita humo bila kupikwa: kama yalivyoingia ndivyo yanavyotoka. Dada Kebo akaliandika neno, akabonyeza.

Taa za Karani zikapepesa. Mama Mkwe akaguna, akavuta karatasi, akaanza kugonga, na madirisha yakatetemeka kama siku zote. Fundi aligeuka ukutani kwa muda, kwa sababu hakutaka binti wa watu aone uso wake. Alipogeuka tena, karatasi ilikuwa imetoka.

Ilikuwa imetoka ngazi. Mstari wa kwanza ulianza panapostahili. Wa pili ulianza chini yake, lakini pale ambapo wa kwanza uliishia. Wa tatu ukaanza ulipoishia wa pili. Maneno yalishuka hivyo kuelekea kulia mpaka yakafika ukingoni, na huko yakagongwa yote mahali pamoja, nukta juu ya nukta, hata karatasi ikatoboka.

Dada Kebo aliijua ngazi ile. Kila mwisho wa mstari, alisema, mashine hungoja amri mbili: shuka chini, na rudi mwanzo. Kompyuta za zamani zilitoa amri zote mbili. Hizi mpya hutoa moja tu, shuka, zikidhani kwamba kurudi mwanzo kila mtu anajua. Basi Mama Mkwe, ambaye hufanya alichoambiwa na si zaidi, anashuka na harudi.

Ndivyo dunia yenyewe ilivyo siku hizi. Kushuka watu wanafundishana. Kurudi hakuna anayekumbuka kukutajia.

Dada Kebo alijaribu kuifundisha kompyuta amri ya pili. Aligeuza hiki, akafungua kile, akaleta programu kutoka mahali pengine, na kila mara ilitoka ngazi, au kurasa tupu, au ngazi yenye takataka katikati. Kabla hajaondoka aliuliza swali moja zaidi.

“Hakuna foleni nyingine humu ndani?”

“Hakuna,” fundi alisema. “Ni mbichi tu.”

Hakuwa anadanganya. Mlango ambao mtu hajaufungua miaka yote, hata ukiwa sebuleni kwake, unageuka kuwa ukuta. Dada Kebo akaahidi kurudi. Alikuwa na shule nyingine zinazomlilia, na aliporudi ilikuwa ni kujaribu yale yale na kushindwa yale yale, na kuomba radhi.

Mkuu wa chuo naye alimwita fundi ofisini. Alikuwa mama mpole, anayemkaribisha kila mtu kiti, na hilo lilifanya kazi ya kumchukia kuwa ngumu. Alisema wafadhili wameleta simu zinazowasomea wanafunzi kila kitu, vitabu, magazeti, hata rangi ya shati. Kwamba mwaka ule hakuna aliyeomba kitabu cha nukta. Kwamba chumba cha uchapaji kingegeuzwa kuwa studio ya kurekodi sauti kabla shule haijafunguliwa, na Mama Mkwe angekwenda na vyuma chakavu pamoja na madawati yaliyovunjika. Fundi aliomba apewe mashine. Mali ya chuo haigawiwi, akaambiwa. Aliomba kuinunua, ingawa hakujua angeiweka wapi. Mnunuzi alikwisha kuvilipia vyote kwa pamoja. Ndipo akaweka aibu kando akamweleza habari ya kamusi.

“Lakini Bi Vidole si atasikiliza?” aliuliza Mkuu. “Hata kamusi ipo ya sauti.”

“Hasikii.”

“Basi tutamtafutia yenye sauti kubwa.”

Fundi alimtazama usoni atafute dhihaka. Hakukuwa na dhihaka. Mkuu alikuwa anamwonea huruma kwa moyo wake wote, na hakuelewa hata neno moja.

Nyumbani mambo yalikuwa yamefika shingoni. Walikuwa wakiishi vyumba viwili kwenye safu ya nyumba zinazotazamana, na sasa fundi alipotaka kumwambia mkewe chakula tayari, majirani wa pande zote mbili walijua chakula kiko tayari. Baadaye hata kupiga kelele hakukufaa. Akaanza kumwandikia kwenye kiganja. Alikifanya kiganja kuwa karatasi na kidole chake kuwa Mama Mkwe, akamgusa nukta za kila herufi, taratibu, na mkewe akaunganisha. Neno moja lilichukua muda wa kujaza maji kwenye sufuria. Kijana wao, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alikuwa mtoto mwema na alimtumia mama yake ujumbe wa sauti kila wiki. Fundi aliusikiliza mara mbili tatu akisimama dirishani, halafu akaenda kuufupisha kwenye kiganja: mtoto mzima, anakusalimu. Sauti yenyewe, jinsi kijana alivyovuta neno mama, haikuwa na nukta.

Bi Vidole alidai aletewe karatasi za ngazi. Fundi alimwambia hazisomeki, yeye akasema zilete. Aliziweka mapajani akaanza, mkono wa kushoto ukishika mwanzo wa mstari na wa kulia ukitangulia, kama alivyosoma maisha yake yote, na kila mkono wa kushoto ulipotafuta mwanzo wa mstari wa pili haukukuta kitu. Akatafuta kulia. Akapata nusu neno. Akashuka tena.

“Naanguka,” alisema. “Kila mstari naanguka nao.”

Hata hivyo hakuziachia. Siku ile fundi alikuwa amekaa kwenye stuli mkabala naye, mikono katikati ya magoti, hana la kufanya, hana mbele wala nyuma. Kesho yake chumba kingeondolewa vitu. Hakuwa amemwambia. Alikuwa bado anatafuta namna ya kuliandika jambo lile kwenye kiganja cha mtu. Mkewe, ambaye hakujua kama kuna mtu anasikiliza au la, alikuwa anaongea na karatasi, kwa ile sauti yake mpya isiyopanda wala kushuka.

“Wewe una kasoro mpya,” aliiambia. “Zamani akikosea ulikuwa unaruka mistari. Mstari, nafasi tupu, mstari, nafasi tupu. Nilikuwa namwambia umepanda mahindi. Wewe wa sasa unaanguka. Yule wa zamani alikuwa anarudi mwanzo mpaka anazidisha.” Akainua uso. “Mzee, yale mahindi ulikuwa unayatuma wapi?”

Fundi alisimama, stuli ikaanguka nyuma yake.

Foleni zilikuwa mbili. Yule marehemu mwenye mzaha alizifunga mbili, mbichi na mbivu, kisha akamwonya: maandishi yako tuma mbichi, mbivu usiiguse, itakuharibia karatasi. Iliharibu kweli, kwa sababu kila amri ya mwisho wa mstari mbivu ilikuwa inaigeuza kuwa mbili, shuka na rudi, na kompyuta za zamani zilikuwa tayari zinatoa zote mbili. Basi zikawa mara mbili, na mistari ikaachana kama mahindi. Fundi alikosea mara chache siku za mwanzo, mkewe akamsema, akaacha, na neno lenyewe likafutika kichwani. Sasa kompyuta ilikuwa inatoa pungufu, na Karani alikuwa amekaa muda wote ule na kile kilichopungua, akingoja kuitwa kwa jina.

Alichukua kiganja cha mkewe. M, b, i, v, u.

Mabega ya Bi Vidole yakaanza kutikisika kwa kicheko. “Mbichi imekataa,” alisema, “na mbivu mmeificha. Wanaume nyie. Leo ndiyo mtajua mbivu na mbichi.”

Asubuhi fundi alifika chuoni kabla ya bawabu kumaliza kufagia, na bado alikuwa amechelewa. Gari la vyuma chakavu lilikuwa limeegeshwa uani. Rafu za chumba chake zilikuwa zimetolewa nje, zimelala kwenye nyasi kama watu waliofukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Alipita katikati ya wabeba mizigo, akaiwasha kompyuta, akampigia Dada Kebo simu. Dada Kebo alikuwa shule nyingine, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe zilikuwa mbili,” alisema polepole. “Aa, baba yangu.” Akamwelekeza pa kubonyeza, na neno moja tu la kubadilisha.

Ukurasa ulitoka umenyooka. Kila mstari ulianza chini ya mwenzake kama askari kwenye gwaride. Fundi alifumba macho akapitisha kidole, ingawa yeye alizoea kuzisoma nukta kwa kuziangalia: maana, maandazi, maandishi. Alikwenda mbio ofisini, akarudi na ruhusa aliyoweza kuipata. Mkuu alikuwa ametia sahihi, mnunuzi alikuwa amesimama pale pale na gari lake, na alichoweza kusema mama yule ni kwamba mashine ipakiwe ya mwisho. Mpaka wamalize madawati.

Basi Mama Mkwe akagonga kwa mara yake ya mwisho, na uani madawati yakapakiwa. Fundi alikuwa na kazi ya kulisha karatasi na kuzipokea zisikunjane, lakini masikio yake yalikuwa nje. Kila dawati lilipotupwa garini alilisikia. Siku zote alikuwa akilalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, wanakaa kila baada ya mzigo mmoja kutazama simu. Siku ile aliwaombea uvivu kwa dhati, mchana kutwa, aliwaombea simu zao zilie, ziletwe picha za kuchekesha, mvua inyeshe. Hawakukaa. Sijui ni nani aliyewafundisha bidii siku ile.

M ilikuwa nene kuliko zote, kwa sababu watu wote wamo humo. Mama alipita. Mke akapita, na mkimbizi, na mkiwa. Mtoto, mtu, mume. Mwalimu. Mzazi. Ilipoisha kabisa fundi akakaa sakafuni akiendelea kupokea karatasi kwa mkono mmoja. N ikaanza. Na huko nje akasikia kimya, maana madawati yalikuwa yamekwisha.

Waliingia wanne na kamba. Mmoja, kijana mwenye adabu, alisema, “Samahani mzee,” akainama, akachomoa waya ukutani. Mama Mkwe alikata kauli katikati ya ukurasa. Karani walimng'oa kwa bisibisi, wakamweka juu ya mashine ili asipotee, na kebo zake zikawafuata sakafuni mpaka nje.

Neno la mwisho lililotoka lilikuwa ndoo.

Bi Vidole alisoma M msimu mzima. Alisoma polepole, akirudiarudia, kama mtu anayekula akiba. Mara nyingine alimwita mumewe, akamwekea kidole chake juu ya neno, akamwambia, huyu hapa ni wewe. Masikio yalifungika kabisa katikati ya M. Hakusema ilikuwa siku gani. Fundi alijua tu kwamba siku moja alidondosha sinia nyuma yake na mkewe hakugeuka.

Alipofika mwisho wa karatasi ya mwisho alizigonga zikae sawa, akazilaza pembeni.

“Basi dunia yangu inaishia kwenye ndoo,” alisema. “Na baada ya ndoo kuna nini?”

Fundi alijua.

Alinunua kibao cha kutobolea nukta kwa mkono, kile cha zamani chenye msumari wa mpini wa mti, akasema ataendelea mwenyewe. Asubuhi nzima ilimwishia kwenye neno ndoto na maana zake, kwa kuwa vidole vyake havikuzoea msumari na macho yake nayo yalikuwa yameanza kudai miwani. Mkewe alipitisha mkono mara moja, akausimamisha.

“Kaka,” alisema, na hakuwa amemwita hivyo tangu siku ile ya kwanza, “huu ni upele.”

Lakini hakukicheka alichokisema, wala fundi hakukicheka.

Mara ya mwisho fundi kuwaona, Mama Mkwe na Karani wake, ilikuwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu nyuma ya soko. Bi Vidole ndiye aliyetaka apelekwe. Walipita kati ya matumbo ya magari na vitanda vya hospitali, wameshikana mikono, na mwenye uwanja akawaonyesha kwa kidevu. Mama Mkwe alikuwa amelazwa ubavu, kifuniko kimeshaondolewa, mota imeuzwa. Karani alikuwa ameegemezwa kwenye mlango wa kibanda usifungwe na upepo.

Fundi alimsogeza mkewe, akamwekea mkono pale palipokuwa na safu ya pini, zile zilizokuwa zikigonga nukta. Nyingine zilikuwa zimeng'oka, nyingine zimekwama juu kama zilivyokuwa waya ulipochomolewa. Bi Vidole akaanza kuzisoma. Mwenye uwanja alisimama akitazama, akauliza bibi anatafuta nini. Vidole vilikwenda polepole kutoka pini hadi pini, vikasimama, vikarudi nyuma kidogo kuhakikisha, vikaendelea.

“Hakuna kitu,” alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Mkono wake ukafika mwisho wa safu, ukashuka chini kidogo kwenye bati tupu, ukarudi mwanzo.